Naomba ushauri: tumekurupuka kwenda kisiwani, mimi na mke wangu

Wakuu, habarini. Juzi usiku tulikurupuka tu, tukakata tiketi za kwenda kisiwa kimoja cha tropiki, siku 5, hata pa kulala hatujui. Mke wangu anataka tukodi pikipiki tuzunguke kisiwa kizima. Mimi nataka ufukwe na kuogelea kwenye matumbawe.

Kinachonitisha ni maji. Tutafika mwezi ukiwa mpevu, yaani bamvua: maji hukupwa mbali, kisha hujaa hadi juu kabisa. Safari moja nilitembea kwenye mwamba maji yakiwa yametoka, nikapotelea kwenye kuangalia kaa. Wakati wa kurudi yalinifika kiunoni, viatu mkononi, simu mdomoni. Mke wangu ananicheka mpaka leo.

Je, tupange siku zetu kwa kufuata kupwa na kujaa, pikipiki iwe ya saa za maji kutoka? Au nimezidisha woga? Na pa kulala, boti inafika jioni, tuweke nafasi angalau usiku wa kwanza? Halafu yeye hutapika baharini. Dawa ameze muda gani kabla ya kupanda boti?

Tunaondoka Ijumaa.