Tupeane uzoefu: dalili gani ilikushtua kwa mtoto wako?

Wazazi wenzangu, naanza mimi. Wangu alikuwa na wiki 3, mtoto wa kulia kwelikweli, usiku tunapokezana. Siku hiyo akalala tu. Nikasema afadhali, leo nami nipumzike. Saa tano zikapita hajadai ziwa. Nilipomnyonyesha alivuta mara mbili akaachia, kichwa kikalegea mkononi mwangu. Na hakuwa wa moto, miguu ilikuwa baridi! Hospitali wakasema ni maambukizi kwenye damu, kwamba kichanga anaweza kupoa badala ya kuchemka. Mimi nilikuwa nasubiri homa. Nyie je?

Mama Watatu: Pole, dada. Wangu wa kati, miezi 8, alikuwa na kikohozi, kila mtu ananiambia mafua hayo. Nikamvua nguo nimwogeshe, ndipo nikaona: kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea ndani. Nikasubiri atulie, nikahesabu pumzi zake dakika nzima, 58. Kwa miezi 2 hadi 11, kuanzia 50 ni kasi. Nimonia. Wavueni jamani, kifua hakionekani juu ya sweta.

Baba Kifungua Mimba: Kwetu ilikuwa kuhara. Nikawa nahesabu choo, kumbe cha kuangalia ni mkojo. Nepi kavu tangu asubuhi, analia bila machozi, utosi umedidimia. ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, tulimpa kwa kijiko, yote anatapika. Hapo sikungoja kuche.

Shangazi Mtu: Mpwa wangu alipata degedege, mtu akakimbilia kijiko amtie mdomoni. Ilikuwa sahihi?

Nesi Mstaafu: Hapana, shangazi. Usitie kitu chochote mdomoni, wala usimbane mikono. Mlaze ubavu, tazama saa, kisha hospitali hata kama imeisha. Na kwa aliye chini ya miezi 3, joto la 38 au zaidi ni kwenda siku hiyohiyo, hata akiwa anakuchekea. Mama akiniambia "huyu leo si yeye", mimi huwa naacha kalamu nimtazame mtoto kwanza.

Mleta mada: Asanteni. Mama Watatu, kifua kikipanda na kushuka unahesabu mbili?

Mama Watatu: Moja hiyo, mpenzi. Ukihesabu mbili utamkimbiza hospitali kila siku 😅