MJADALA: Mwalimu mwenye tatuu aondolewe, au tumwache afundishe?

Mzazi wa Bweyogerere
Jamani, nishaurini kabla ya kikao cha wazazi Jumamosi. Mwalimu wa Praimari 4 anayemfundisha binti yangu ana tatuu mkononi: jina la marehemu mama yake na ua moja refu linalopanda hadi karibu na kiwiko. Puani ana kipini. Wazazi wawili walilalamika, mkuu wa shule akamwamuru avae sweta la mikono mirefu kutwa nzima, kwa joto hili la mwezi wa pili. Watoto sasa wanamwita Ticha Sweta. Hesabu za mtoto wangu zimepanda tangu aje. Lakini kuna barua inazungushwa tuisaini ili aondolewe. Nisaini?

Mzee wa Bombo
Saini. Mtoto hafuati unachomwambia, hufuata anachokiona. Leo ua la mwalimu, kesho binti yako anajichora kwa wembe na wino wa kalamu. Enzi zetu hata viatu vya mwalimu vilikuwa somo. Na kwetu Waislamu jambo hili lilishakwisha: amelaaniwa mwenye kuchora na mwenye kuchorwa. Hina ruksa, inafutika.

Fundi Wembe, Kisenyi
Shikamoo mzee. Ila kwenye picha yako hapo pembeni naona mistari mitatu kila shavu. Hiyo nayo ni hina?

Binti Koboko
Hahahaha! Fundi, leo umejitafutia.

Mzee wa Bombo
Marahaba, na adabu huna. Hizi ni chale za Kinubi, za sisi Wanubi wa Uganda. Nilikatwa nikiwa mdogo, wajomba wamenishika mikono na miguu, hakuna aliyeniuliza kama nataka. Huyo mwalimu wenu alikwenda kwa miguu yake na akalipa. Tena usidhani haya ni mapambo. Watu walituita "wan-ileven", yaani 111, kwa sababu ya mistari hii. Enzi za Amin kuna waliotuogopa kwa ajili ya mistari hii hata kama hujawahi kushika bunduki. Mwaka 1979 alipoanguka, uso ukawa ndio kitambulisho. Karatasi unaweza kuitupa kabla hujafika kwenye kizuizi. Shavu utalitupa wapi? Tulivuka kwenda Sudan. Sasa nifundishe habari za hina.

Fundi Wembe, Kisenyi
Pole mzee, kwa hilo nanyamaza. Lakini basi wewe ndiye shahidi wangu. Umejua mtu kuhukumiwa kwa alama ya ngozi kunavyouma, halafu unamwambia mwenzetu asaini?

Mzee wa Bombo
Mimi si shahidi wa mtu. Usitumie shavu langu kutetea ua la mtu mwingine.

Mwinjilisti Mbale
Mmeacha neno la Mungu mnabishana mambo ya nyuso. Walawi 19:28 inakataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini. Kwa ajili ya WAFU. Na huyu kaandika jina la nani? La marehemu. Kesi imefungwa.

Binti Koboko
Ndugu, panda mstari mmoja tu juu, wa 27. Umekatazwa kunyoa denge na kuharibu ndevu. Picha yako kidevu kinang'aa kama sahani. Kesi ifunguliwe.

Mwinjilisti Mbale
Hilo lilikuwa la Waisraeli.

Binti Koboko
Na la 28 lilikuwa la Wagisu, kabila lako?

Omurasta Jinja
Akataeje chale wakati kwao kijana haitwi mwanaume mpaka apitiwe na kisu hadharani? Mwaka ukigawanyika kwa mbili tu, Agosti ikifika, Mutoto pale Mbale hakupitiki kwa ngoma, na wachungaji wamo humo humo wanacheza.

Mwinjilisti Mbale
IMBALU USIIGUSE. Hujawahi kusimama hapo, umepakwa unga usoni, ukoo mzima unakutazama kama utapepesa macho. Ile ni tohara, ni afya na ni heshima. Kuilinganisha na ua la mkononi ni matusi kwa kabila zima. Wewe na hayo marasta yako unayafua lini?

Omurasta Jinja
Kila wiki. Njoo unuse.

Nesi wa zamu
Hakuna anayeuliza hizo sindano zinatoka wapi? Nimefanya kazi kaskazini, homa ya ini aina ya B kule si hadithi. Mchoraji anayetumia sindano ile ile kwa watu watatu, au wembe mmoja kwa ukoo mzima, kwangu ni mtu mmoja tu. Chanjo ipo, dozi ni 3. Kachanjwe kwanza, mengine bishaneni baadaye.

Fundi Wembe, Kisenyi
Asante nesi. Turudi kwa Mzee. Uganda hii kila mkubwa akiishiwa la kufanya hupima nguo za watu. Amin 1972 alipiga marufuku sketi fupi, baadaye zikafuata wigi na suruali za wanawake. Februari 2014 ikaja ile sheria ya ponografia, watu wakaiita ya sketi fupi, na wahuni wakajipa kazi ya kuwavua dada zetu nguo mjini mchana kweupe. Mahakama ya Katiba ilikuja kufuta vipengele vyake 2021, aliyevuliwa keshavuliwa. Barua ya Jumamosi ni mtoto wa baba yule yule.

Mama Salim, Arua
Wewe usiwasahau na 2017, waraka wa watumishi wa umma. Kucha zikizidi sentimita 3 ni kosa, rangi kali kosa, nywele za rangi kosa. Mimi nilikuwa ofisini. Bosi tumbo limefungua vifungo viwili vya shati, kitovu kinatusalimia, yeye anakagua kucha zangu.

Mzee wa Bombo
Nidhamu si udikteta. Ndiyo maana shuleni wananyoa.

Mama Salim, Arua
Afadhali umelitaja! Mwanangu ananyolewa kipara tangu chekechea, ati nywele zinampotezea akili. Deski la mbele yake kuna binti wa Kihindi, msuko mpaka kiunoni, na ndiye wa kwanza darasani. Akili yake haijui kama ina nywele?

Mwinjilisti Mbale
Nywele za Mhindi hazihitaji kusukwa kwa muda wa saa nne, mama. Halafu chawa.

Mama Salim, Arua
Chawa wanabagua?

Binti Koboko
Mimi nilimaliza shule kichwa kitupu miaka yote, mwaka wa kwanza chuoni sikujua hata kuchana. Nilijifunza kwa mtoto wa dada yangu.

Mzazi wa Bweyogerere
Samahani, barua. Nisaini au?

Omurasta Jinja
Binti yako amenyolewa?

Mzazi wa Bweyogerere
Amenyolewa ndiyo, ni sheria ya shule. Inahusu nini?

Mama Salim, Arua
Inahusu sana! Mwanao wamemnyoa hukuitisha kikao, mwalimu kajichora mkono wake mwenyewe unatafuta kalamu.

Mzee wa Bombo
Namwuliza huyo Fundi Wembe swali moja. Wewe si kinyozi? Unapinga kunyoa wakati ndicho kinakulisha?

Fundi Wembe, Kisenyi
Wiki ya kufungua shule ndiyo inanilipia pango, mzee, sikatai. Wanakuja na mama zao, mashine ikigusa tu nywele wasichana wanaanza kulia. Nanyoa. Nikikataa ataenda kibanda cha pili.

Mama Salim, Arua
Na unawatoza ngapi?

Fundi Wembe, Kisenyi
Elfu tatu.

Binti Koboko
Elfu tatu kipara cha mtoto?? Kwetu elfu moja, na unapakwa mafuta.