Msaada: nashona qipao kwa kitabu cha patani, hesabu zimenivuruga

Binti Pangani: Habari zenu wapendwa. Nipo Guangzhou kimasomo, classmeti wangu anaolewa nikasema na mimi siku hiyo nivae qipao, lile gauni la Kichina la kubana lenye kola ya kusimama na mpasuo pembeni. Za dukani hata zile kubwa zinazoingia kifuani zikifika kwenye hips zinagoma, maana saizi yao ya kawaida huku ni 160/84A, yaani mtu mwenye urefu wa sentimita 160 na kifua 84, mimi kifua 96 hips 108 😂 Nimeazima cherehani na kitabu cha patani ila hakina patani kubwa ya kukatia, ni vimichoro tu vimeandikwa B/4+1, H/4+0.5, na Kichina chenyewe nasoma kwa kuungaunga. Nikuze mchoro au nafanyaje? Kitambaa ni brokedi nyekundu ya maua nimenunua soko la Zhongda, sijakikata bado naogopa.

Fundi Mkasi: Usikuze kitu dada. B ni kifua, W kiuno, H hips, we weka vipimo vyako humo: 96 gawa kwa 4 ni 24, jumlisha 1 unapata 25. Hips 108 gawa kwa 4 ni 27, weka nusu juu yake, 27.5, hiyo ndo robo ya gauni. Namba za mfano zilizochorwa ni za huyo wa 84 achana nazo. Halafu kwa kawaida michoro ya hivyo haina nafasi ya mshono, ongeza sm 1 kila ukingo na pembeni 2, brokedi inachambuka nyuzi vibaya mno, piga zigizaga kabla hujaunganisha.

mama_bitana: Kata ya majaribio kwa marikani kwanza au shuka kuukuu, uvae, ukae chini, upandie ngazi ndo ujue. Na sisi wenye makalio usifanye mbele na nyuma sawa, toa sm 1 mbele uipeleke nyuma, yani 26.5 na 28.5, na dati (vile vipenseli vya kubana kiuno) za nyuma zizame zaidi la sivyo mshono wa pembeni unavutwa nyuma na mpasuo unaachama. Kola piga gamu (kile kitambaa cha kuifanya ngumu isimame), ikate kwa kipimo cha shingo yako kidole kimoja kipite.

Kaka wa Foshan: Hesabu nawaachia mafundi ila NYEKUNDU ni ya bi harusi jamani, utaenda kushindana nae rangi! Na nyeupe usiguse, ya misiba. Pia angalia usigeuze patani wakati wa kukata, inafungia kulia kwa mvaaji, zamani kufungia kushoto ilikuwa kwa maiti.

Binti Pangani: Weeeh kaka umeniokoa 🙏 nyekundu naiweka kando, ntatafuta ya kijani. Na vile vifungo vya mafundo navyo nishone mwenyewe?

mama_bitana: Vinashonwa kwa mkono, kata utepe wa mshazari upana sm 2 hivi, kunja kingo zote ndani uushone uwe kama kamba, ndo ufunge fundo. Vikikushinda nunua vya tayari hapohapo sokoni, ila usivitegemee kubeba mkazo wa nyonga, weka zipu ya kujificha pembeni kulia vifungo vibaki urembo.

Fundi Mkasi: Na zipu iishe chini ya nyonga kidogo, ukiiishia kiunoni hulivai.