Mchuzi wa manjano kwenye kapeti la manyoya, doa limegeuka jekundu!

mama_mapacha: Wapendwa naombeni msaada. Jana nilikua na wageni, mtoto wa shemeji kapita na bakuli la mchuzi wa kuku, paa! kwenye kapeti la manyoya rangi ya maziwa. Nikakimbilia sabuni ya mche na brashi nikasugua kwa hasira zote, sasa badala ya njano limekua jekundu na limetanuka saizi ya sahani. Nataka nimwagie blichi yaishe, kuna aliyewahi?

mtoto wa uswazi: Blichi achana nayo kabisa. Mi niliweka kwenye zulia la sufu la mzee, pale mahali pakalika kama panya walilala hapo 😂

fundi_mazulia: Dada hujaharibu bado. Manjano, kile kiungo cha mchuzi, ikikutana na sabuni ya mche inageuka nyekundu sababu sabuni ile ni kali, hata kanzu yenye doa la mchuzi wa manjano ukiifua si unaonaga wekundu, halafu ukianika juani unapotea wenyewe? Ndo hivyo hivyo. Kwanza toa mafuta, nyunyiza poda ya mtoto au hata unga wa sembe uache nusu saa ufyonze, kung'uta, halafu sabuni ya maji ya vyombo kidogo sana kwenye maji ya uvuguvugu, chovya kitambaa cheupe ubonyeze toka pembeni kuja katikati, usisugue tena utayavuruga manyoya na doa lizidi kutembea. Ikishatoka sabuni pitishia siki nyeupe vijiko 2 kwenye kikombe cha maji, utaona wekundu unarudi njano. Baada ya hapo toa nje, manyoya yaangalie juu, jua limalize kazi. Na siki usichanganye na blichi, inatoa gesi mbaya ya klorini.

dada wa ghorofani: Na sie tusio na pa kuanika?

fundi_mazulia: Badala ya jua tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile dawa ya maji ya kusafishia vidonda, duka la dawa ipo. Ila jaribu kwanza kona inayokaa chini ya kochi, inaweza kupausha rangi, na kama ni sufu usiweke.

mama_mapacha: Jamani mrejesho, siku ya 3 juani kimebaki kivuli tu hadi uambiwe ndo ukione. Mtoto wa shemeji kaja tena leo, chakula kalia jikoni kwenye mkeka 😅