Naombeni ushauri: dawa gani kali ya maumivu ya saratani inapatikana famasi za Dar?

MgosiWaMnyuzi
Wakuu, habari za usiku. Bimkubwa wangu ana saratani ya shingo ya kizazi. Alipigwa mionzi Ocean Road mwaka jana, akapata nafuu, akarudi kijijini na jembe lake. Mwaka huu imerudi, na safari hii iko mpaka kwenye mifupa ya mgongo. Madaktari wamesema hakuna tena mionzi wala dripu, turudi naye nyumbani. Niko naye hapa Korogwe. Mchana anajikaza, ila ikifika saa nane usiku anang'ata kanga ili wajukuu wasimsikie akilia. Panado na diklofenaki tumempa hadi tumbo linamuuma. Nipeni jina la dawa kali kuliko hizo, nitaagiza Dar. Na kama kuna mtu amewahi kupeleka mgonjwa India, anipe mchanganuo wa gharama. Naombeni msinitukane.

Kobe Mzee
Pole sana mkuu. India usiende kichwakichwa. Baba mkwe tulimchangia ukoo mzima, ng'ombe wakauzwa, na shemeji yangu mmoja mpaka leo hasemi na mwenzake kwa sababu ya michango ile. Kufika kule wakampiga picha upya, wakasema yaleyale tuliyoambiwa hapa. Akafia huko. Kazi ya kurudisha mwili ndiyo ilitumaliza kabisa. Huwa siliongelei jambo hili.

Mama Tumaini
Mnakaa mjini, mama anamkumbuka nani? Akishaanguka ndiyo mnakuja kuuliza majina ya dawa. Wanaume mliomo humu, wake zenu wamepimwa shingo ya kizazi? Ni dakika chache tu, nesi anapaka siki, anaangalia kama pana weupe. Na mabinti wapelekeni wakachanjwe, serikali ilianza chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mimi dada yangu alikwenda kupimwa akiwa ameshaanza kutoka damu.

Shunda
Babu yangu alikuwa na gongo yake chini ya kitanda, maumivu yakija anapiga funda moja anaanza kuimba 😀 Pole lakini kaka.

NesiZamuYaUsiku
Mleta mada, kabla ya famasi nijibu kitu kimoja. Mgonjwa ambaye saratani imefika kwenye mifupa, karudishwa nyumbani, haondoki na panado. Hamkuonana na watu wa tiba shufaa, wale wa kutuliza maumivu ya wagonjwa wasiopona? Hamkupewa dawa ya maji?

MgosiWaMnyuzi
Siku ile tulipewa makaratasi mengi, dada. Kuna dawa walitoa, ila si ya kutumia kila siku.

NesiZamuYaUsiku
Inaitwaje?

MgosiWaMnyuzi
Mofini. Ipo, wiki ya tatu sasa iko kabatini, haijafunguliwa.
Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Dada yangu mkubwa anauguza sana watu kanisani kwao. Anasema kila aliyeanzishwa ile dawa hakumaliza wiki. Mimi mwenyewe nimekaa Manzese, mateja nimewaona kwa macho yangu. Siwezi kumfanya mama yangu teja uzeeni. Halafu wakala wa safari ya India amesema mgonjwa asifike akiwa na dawa hizo mwilini, watamkataa. Kiwanja changu cha Mlandizi kimepata mteja na ameshatoa nusu. Ndiyo maana niliomba mchanganuo, sikuomba somo.

MzeeWaVielelezo
Chai hii. Mofini ni dawa ya kulevya kisheria, nani akupe ubebe kwenye basi mpaka Korogwe kama juisi? Mara panado, mara chupa kabatini, mara kiwanja. Kesho tutaletewa namba ya kuchangia. Akaunti yenyewe ya juzi.

Shunda
Nimevuta kiti, andazi liko wapi?

MkaziWaNtinda
Wakuu, mkishindwa kumsaidia msimwite mwongo. Mimi niko Kampala mwaka wa kumi sasa. Huku mofini ya maji unarudi nayo nyumbani, na hayo si mambo ya leo. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, mwaka 1993, wakawa wanachanganya unga wa mofini na maji kwa sababu ni bei nafuu. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu hata manesi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Shangazi yangu alikuwa na saratani ya titi iliyopasuka. Kilichomuumiza zaidi kilikuwa harufu, alikuwa anawafukuza wageni kabla hawajakaa. Nesi akaja na pikipiki, akatufundisha kusaga vidonge vya metronidazo na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Siku chache tu, shangazi mwenyewe akaanza kuwaita majirani waje kunywa chai.

MgosiWaMnyuzi
Mzee wa vielelezo, sina namba ya kuchangiwa wala sitaomba. Chupa ni ya plastiki, ina lebo ya mkono yenye jina la mama. Imefungwa kwa raba pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano, la kupimia. Kuna karatasi imechorwa jua linachomoza, jua la utosi, jua linazama na mwezi, kila mchoro na mstari wake. Chini wameandika namba ya simu. Ukitaka kuamini amini.

NesiZamuYaUsiku
Mimi nimeamini, karatasi za namna hiyo nimechora nyingi.
Sasa nisikilize kaka yangu. Hao waliokufa wiki hiyohiyo walicheleweshewa dawa mpaka mwisho, kama unavyofanya wewe, ndiyo maana chupa ikaonekana imewaua. Teja anatafuta kulewa. Mama yako anataka kulala. Kwa mgonjwa wa maumivu kama yake, dozi inaanza ndogo inapanda taratibu kufuata maumivu, na wapo wanaoitumia miezi mingi huku wanapika na kwenda kanisani.
Haisubiri alie. Ni kila baada ya saa nne: kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, kumi na mbili jioni. Ya saa nne usiku wengi tunawaandikia dozi maradufu ili wapitilize mpaka asubuhi, lakini fuata karatasi yako. Siku za mwanzo atasinzia na pengine atatapika, hayo yanapita. Choo kigumu hakipiti, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo aanze nayo siku hiyohiyo.
Lakini usifungue leo usiku. Kesho asubuhi piga ile namba, wasomee tarehe iliyo kwenye lebo. Waambie pia mkojo ukoje na kama miguu imevimba. Saratani ya shingo ya kizazi huwa inabana mirija ya mkojo, figo zikichoka mofini inakaa mwilini muda mrefu, dozi inabadilishwa.
Bimkubwa mwenyewe anasemaje kuhusu India?

MgosiWaMnyuzi
Hajaulizwa. Tumemwambia ni uvimbe tu.

Kobe Mzee
Na anaamini?

MgosiWaMnyuzi
Juzi aliniuliza shamba la bondeni nimempa nani alipalilie mwakani. Nikamwambia atalipalilia mwenyewe. Akanyamaza.

Mama Tumaini
Basi anajua. Anakulinda wewe.

MzeeWaVielelezo
Kama ni kweli, pole. Ila wakala anayemchagulia mgonjwa dawa kwa simu ni tapeli. Hilo silirudishi.

MgosiWaMnyuzi
Wakuu, nimepiga simu saa mbili asubuhi. Wameuliza yaleyale aliyosema Nesi, mkojo anapata, miguu iko sawa, tarehe ya chupa haijapita. Wakasema nianze na mstari wa kwanza. Nimempa saa nne na saa nane. Sasa hivi ni saa kumi, amelala tangu saa tisa na hajashtuka hata jogoo alipoingia ndani. Nimwamshe ale? Naogopa.

NesiZamuYaUsiku
Ana deni la usingizi wa wiki nyingi, mwache. Kaa karibu, angalia kifua kinapanda na kushuka kawaida. Mguse bega umwite jina. Akiitika au akifumbua macho, ni usingizi. Akiwa haamki, au pumzi zinakuja moja moja kwa mbali, usimpe nyingine, piga simu papo hapo. Chakula atakiomba, usimlazimishe.
Na hela ya kiwanja usiitume kwa wakala kabla hujaongea na mama. Kiwanja ni chako, mwili ni wake.

MgosiWaMnyuzi
Nimemwita, kaitika "abee" akageukia ukutani. La kiwanja sijaamua, msiniharakishe. Dada mkubwa anaingia jioni na basi la Tanga na bado anasema chupa irudi kabatini. Nesi, ukiwa hewani saa kumi na mbili nitakuomba uongee naye.

NesiZamuYaUsiku
Nitakuwepo. Dozi ya saa kumi na mbili mpe kwanza, ndiyo unipigie.