Prosesa gani kwa kompyuta ya gemu ya elfu 60?

Kijana wa Kayole:
Wadau, nina elfu 60 ya sanduku zima, monita ya 1080p ninayo. Gemu ni Valorant, GTA V na EA FC. Kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi, nimetajiwa prosesa za Ryzen 5 5500, Ryzen 5 5600G na Core i3-12100F. Duka lingine wanasisitiza kompyuta ya ofisi, Dell OptiPlex ya ex-UK (iliyotumika Uingereza), yenye prosesa ya i5-6500, halafu nichomeke kadi. Kadi ya picha bado sina, labda baada ya miezi miwili. Nichukue ipi?

Waya Mwekundu:
Kadi huna, basi 5600G. 5500 haina grafiki ndani, na herufi F kwenye 12100F maana yake ni hiyo hiyo. Ukiziwasha bila kadi feni zitazunguka na monita ibaki nyeusi, hata kama mazabodi (bodi kuu) ina tundu la HDMI. 5600G ina grafiki yake ndani, Vega 7: Valorant haitakusumbua, hizo nyingine shusha mipangilio.

Ila usiinyonge kwa kijiti kimoja cha ramu. Vega haina kumbukumbu yake, inakopa ramu ya mashine, kwa hiyo kasi ya ramu ndiyo fremu zako (picha kwa sekunde). Nunua vijiti viwili vya GB 8, DDR4-3200. Bodi ikiwa na nafasi nne, tumia ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwa prosesa. Kisha ingia baiosi (programu ya ndani ya bodi) uwashe XMP, inayoipa ramu kasi yake kamili, la sivyo ramu itajiendea polepole na hutajua.

Fundi Sanduku:
Sawa, lakini ajue anachopoteza. 5600G ina kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16, wakati 5600 ya kawaida ina MB 32, na 5600G inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la kiungo cha kadi na prosesa. Kwa hiyo usije ukaipachika RX 6500 XT: kadi hiyo ina njia nne tu za data, na GB 4 zake za kumbukumbu zikijaa kwenye PCIe 3.0 gemu inaanza kukwama-kwama. RX 6600 ina njia nane, hasara yake ni ndogo. Ukiweza kuvumilia, mimi ningesubiri nichukue 5600 na kadi kwa pamoja.

OptiPlex achana nayo. i5-6500 ni kori 4, thredi 4, yaani inashika kazi nne tu kwa wakati mmoja. Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 ilikatiwa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025. Pawasaplai yake mara nyingi haina waya wa kulisha kadi, na ya dukani haiingii kirahisi, kwa hiyo unabaki na kadi za wati 75 kama GTX 1650 isiyo na tundu la umeme.

Kijana wa Kayole:
Kusubiri siwezi, shule zinafungwa. Nimeona bodi ya B450 iliyotumika, bei nzuri. Itakubali 5600G?

Waya Mwekundu:
Itakubali baiosi ikiwa imesasishwa. Yenye baiosi ya zamani haitawaka kabisa, utadhani prosesa imekufa. Waambie waiwashe na 5600G yenyewe mbele yako kabla hujatuma M-Pesa. Uliza pia kama prosesa ni ya boksi. Zile za kuuzwa peke yake haziji na feni.

Fundi Sanduku:
Na prosesa igeuze uangalie chini. Kwenye AM4 (soketi ya Ryzen hizi) pini ziko kwenye prosesa, si kwenye bodi. Pini iliyopinda inanyooshwa kwa wembe, taratibu. Iliyokatika, rudisha.