Kijiji cha marubani: shamba letu Kajiado au ploti pwani?

Mwewe_Mweusi
Wakuu, salaam. Tuko saba, tuna ndege ndogo: Cessna 172 mbili, 182 moja, na moja ya kujiundia ambayo haijaonja hewa bado. Tumechoka kulipia maegesho uwanja wa Wilson, Nairobi. Tunataka nyumba, hanga (banda la ndege) ubavuni, na njia moja ya kurukia ya wote. Tuchukue ekari 60 Kajiado tujenge wenyewe, au ploti pwani kwenye mradi wenye uwanja wake, kama Vipingo Ridge?

Binti_Rubani
Kajiado, ila msijipunje urefu. Ukiwa futi 5,500 juu ya bahari na jua la nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi, ndege inajiona iko futi 8,000 na zaidi. 172 itakula karibu mara mbili ya mbio za kupaa inazohitaji pwani. Wekeni mita 1,200. Pamoja na ukanda wa upana wa mita 60, hizo ni kama ekari 18 zimekwenda kabla hujachimba msingi wa choo. Halafu kuna KCAA, wale wa usafiri wa anga, na NEMA, wale wa mazingira, na tathmini yao.

Fundi_Riveti
Pwani hewa nzito, injini inafurahi. Bati ndilo linalolia. Nilifungua bawa la 172 iliyolala nje misimu miwili karibu na bahari: kila riveti imechanua unga mweupe, ukigusa kwa kucha linamomonyoka. Pwani bila hanga ya kufunga, usijaribu.

Mzee_Florida
Wajukuu, huku niliko jirani zangu ni Spruce Creek, kijiji cha marubani pale Port Orange, Florida. Ulikuwa uwanja wa jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Leo nyumba kama 1,300, njia ya futi 4,000. Ndege ikitambaa barabarani, gari linaipisha. Raha tupu. Lakini njia ile ni mali ya chama cha wenye nyumba, na kanuni zinamfunga hata anayenunua baadaye. Bila hivyo mmoja wenu atamuuzia mtu asiye na ndege, na mwezi wa pili atawaandikia barua kuhusu kelele.

Fundi_Riveti
Mzee kasema. Kuna kikundi nilichokitengenezea ndege, njia ilikuwa kwenye hati ya mwenyekiti. Akafariki. Warithi wakapiga ua katikati, wakapanda mahindi. Ndege mbili zikabaki ndani. Tulizing'oa mabawa tukazipakia lori, usiku, maana mchana walikuwa wanatutupia mawe.

Binti_Rubani
@Mwewe_Mweusi hizo ekari 60 zitaandikwa jina la nani?

Mwewe_Mweusi
La shemeji yangu. Ndiye aliyepata bei nzuri.

Binti_Rubani
😳 Fungueni kampuni, kila mmoja na hisa zake, njia iwe na hati yake peke yake. Kabla ya kutoa shilingi.

Mwewe_Mweusi
Deposit tushatoa. Kesho asubuhi niko kwa wakili. Shemeji sijui nitamwambiaje.